Jinsi ya kupata huduma katika serikali ya kaunti: leseni, ardhi, ujenzi, barabara na malalamiko

Tangu kaunti 47 zianze kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, kila Mkenya anaishi chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja. Mara nyingi afisi za serikali hizo ziko kwenye boma moja, na mabango yake yamepakwa rangi zinazofanana. Ndiyo maana mtu hutoka nyumbani alfajiri, akapiga foleni hadi saa sita, kisha akaambiwa, "Hii si kazi yetu, nenda mlango ule mwingine." Kujua mlango ni nusu ya safari, kwa hiyo tuanzie hapo.

Nani ni nani

Chifu, naibu wake na naibu kamishna wa kaunti ni maafisa wa serikali ya kitaifa, hata kama neno "kaunti" limo kwenye cheo. Wanaofanya kazi ya gavana mashinani ni msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi na msimamizi wa kijiji pale ambapo ameajiriwa. Vyeo hivyo vimewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kama hujui pa kuanzia, anzia kwa msimamizi wa wadi. Yeye ndiye mwenye wajibu wa kuratibu huduma zote za kaunti katika wadi yako.

Usimchanganye na mwakilishi wadi, yaani MCA. Huyo umemchagua akutungie sheria, apitishe bajeti na awasimamie watendaji. Hana mamlaka ya kutoa leseni wala kutuma tingatinga. Anaweza kukusemea, na ni vizuri akusemee, lakini sahihi inayotakikana kwenye karatasi si yake.

Makao makuu, kila idara ina waziri wa kaunti na chini yake afisa mkuu. Waziri hutoa mwelekeo, naye afisa mkuu ndiye anayeshika pesa za idara na kujibu maswali ya ukaguzi. Barua yenye jambo la kutendwa, kama taa iliyozimika, choo cha soko kilichoziba au zahanati isiyo na muuguzi, iandikie kwa afisa mkuu wa idara husika na upeleke nakala kwa katibu wa kaunti, ambaye ni mkuu wa watumishi wote wa kaunti. Barua inayoandikwa kwa gavana hupitia dawati la watu haohao, ila hukawia zaidi njiani.

Kipi ni cha kaunti, kipi si chake

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Za kaunti ni afya (zahanati, vituo vya afya na hospitali hadi kiwango cha 5), kilimo na mifugo, chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini, masoko na leseni za biashara, leseni za pombe, mipango ya miji na vibali vya ujenzi, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, maji na majitaka, takataka, makaburi ya umma, zimamoto na majanga.

Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cha kifo, kibali cha mazishi, pasipoti, polisi, shule za msingi na sekondari na hatimiliki ya shamba, vyote hivyo ni vya serikali ya kitaifa. Kwa mengi ya hayo utaenda Huduma Centre au kwa msajili aliye karibu.

Kuna mambo matatu yanayowachanganya watu kila siku. La kwanza ni barabara: si kila barabara iliyo mbele ya nyumba yako ni ya gavana. Barabara kuu ni za KeNHA, na nyingine za mijini na mashambani ziko chini ya KURA na KeRRA, yote matatu yakiwa mashirika ya barabara ya serikali ya kitaifa. Kabla ya kuandika barua uliza katika idara ya barabara ya kaunti, "Hii imeorodheshwa kwa nani?" La pili ni kilimo: afisa wa ugani na daktari wa mifugo wa wadi ni wa kaunti, lakini mbolea ya ruzuku ni mpango wa serikali ya kitaifa. La tatu ni hospitali. Kenyatta na ile ya rufaa ya Moi mjini Eldoret ni za kitaifa, ilhali hospitali kuu ya kaunti yako ni ya kaunti. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, ni ya kitaifa. Kwa hiyo ukikosa dawa, lalamika kwa kaunti. Jina lako likikosa kuonekana kwenye mtambo wa bima, hilo ni la SHA.

Leseni ya biashara, hatua kwa hatua

Hii ndiyo huduma inayowakutanisha watu wengi zaidi na kaunti, na ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutojua. Andaa vitu hivi kabla ya kwenda: kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha usajili wa jina la biashara au cha kampuni (hiki hutolewa na serikali ya kitaifa kupitia eCitizen, si kaunti), na maelezo ya mahali ulipo, yaani nambari ya kiwanja, jengo, mtaa na namba ya duka. Pima ukubwa wa duka kwa mita za mraba na ujue idadi ya wafanyakazi wako. Ukifika bila vipimo, afisa atakadiria mwenyewe, na makadirio hayo mara nyingi hayakufai.

Kwanza, tafuta Sheria ya Fedha ya kaunti yako ya mwaka huu. Kila kaunti hupitisha yake, kwa hiyo ada ya kinyozi wa Kisumu si lazima iwe ya kinyozi wa Nyeri. Ndani yake kuna jedwali lenye aina ya biashara, ukubwa, msimbo wake na ada. Tafuta mstari unaokuhusu na uuandike pembeni. Mtu anayeingia afisini akijua msimbo wake hapangiwi kiholela.

Pili, jaza fomu, iwe ya karatasi au ya mtandaoni kwa kaunti zilizo na mfumo huo, kisha upewe ankara. Isome kabla ya kulipa. Linganisha msimbo na ule ulioandika. Kosa linalotokea sana ni duka dogo la rejareja kuwekwa kwenye daraja la duka la wastani, au kibanda cha kuuza chakula kuitwa hoteli. Kosa hilo likipita mwaka wa kwanza litajirudia kila mwaka, kwa sababu mfumo hunakili ankara ya mwaka uliotangulia. Rekebisha kabla ya pesa kuingia, maana ukishalipa kurejeshewa ni kazi ngumu.

Tatu, lipa kwa njia rasmi pekee: benki au nambari ya Paybill iliyoandikwa kwenye ankara. Katiba, kifungu cha 207, inataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti. Afisa anayekupa nambari yake ya simu "ili ikusaidie haraka" hakupi huduma ya kaunti. Unapoingiza nambari ya akaunti, weka nambari ya ankara kama ilivyo, herufi kwa herufi. Ukikosea tarakimu moja pesa zitatoka kwako zisionekane kwao. Likitokea hilo, peleka ujumbe wa M-Pesa pamoja na nakala ya ankara kwa idara ya mapato, wazihamishe pesa hizo. Usilipe mara ya pili.

Nne, uliza wazi ni ada zipi nyingine zinaambatana na leseni hiyo. Baadhi ya kaunti, Nairobi ikiwemo, zimeunganisha leseni, cheti cha zimamoto, cha afya na ada ya bango kwenye kibali kimoja. Kwingine kila kimoja kina ankara yake. Ukiuza chakula, kila anayekishika lazima awe na cheti cha kupimwa afya kinachohuishwa kila baada ya miezi 6, na afisa wa afya ya umma lazima akague mahali penyewe: maji, sinki, choo, sakafu inayosafishika, pipa lenye kifuniko.

Tano, ukipata kibali, soma kilichochapishwa juu yake: jina, mahali, shughuli, tarehe ya mwisho. Kitundike pale kinapoonekana. Askari wa kaunti akija, unamwonyesha ukutani badala ya kupekua droo huku bidhaa zako zikipakiwa kwenye gari.

Kuna kosa moja lisilotajwa sana, nalo huumiza. Ukifunga biashara, iarifu kaunti kwa barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Usipofanya hivyo, mfumo utaendelea kukutoza kila mwaka, na faini juu. Siku utakapoanza biashara nyingine utakuta deni la duka ambalo halipo. Ukihama pia toa taarifa, kwa kuwa kibali ni cha mahali palipotajwa. Hakitembei nawe.

Kodi ya ardhi na cheti cha kutodaiwa

Mwenye kiwanja katika eneo lililothaminiwa hulipa kodi ya ardhi kwa kaunti. Ile inayolipwa na wenye hati ya kukodishwa ardhi na serikali ni nyingine, nayo huenda kwa wizara ya kitaifa. Hakikisha umejua unadaiwa ipi.

Nenda na nakala ya hatimiliki na nambari kamili ya kiwanja, uombe taarifa ya deni iliyochapishwa. Angalia jina lililo juu yake. Hapa kuna shimo ambalo wanunuzi wengi huangukia: daftari la kaunti si daftari la msajili wa ardhi. Hati ikibadilishwa kwa msajili, kaunti haijui mpaka uipelekee nakala ya hati mpya na barua ya kuomba jina libadilishwe. Usipopeleka, ankara zitaendelea kumwendea aliyekuuzia, nawe utakuja kugundua deni na riba siku unapotaka kuuza au kukopa.

Kuhamisha umiliki kunahitaji cheti cha kutodaiwa kodi. Kumbuka kwamba cheti hicho kinasema hakuna deni, basi. Hakithibitishi kwamba anayekuuzia ndiye mwenye ardhi. Hilo huthibitishwa kwa ukaguzi rasmi kwa msajili. Kama riba imekuwa nyingi, uliza kama kuna msamaha: kaunti hutangaza mara kwa mara vipindi ambapo ukilipa deni lenyewe riba hufutwa.

Kibali cha ujenzi

Sheria inayotawala hapa ni ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kujenga bila kibali kunaweza kukugharimu faini ya hadi Sh500,000, kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili, mbali na jengo lenyewe kubomolewa.

Ramani za nyumba huchorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, na za nguzo na vyuma na mhandisi aliyesajiliwa. Ambatisha hatimiliki, matokeo ya ukaguzi wa hati kwa msajili, risiti ya kodi ya ardhi na mchoro wa mpimaji unaoonyesha kiwanja kilipo. Ikiwa kiwanja ni cha makazi nawe unataka kujenga maduka, omba kwanza kubadilisha matumizi ya ardhi. Ukipeleka ramani ya maduka kwenye kiwanja cha makazi itakataliwa, na ada uliyolipa imeenda.

Risiti ya kuwasilisha ramani si kibali. Watu huchimba msingi wakiwa na risiti tu, kisha ramani inarudi na maagizo kwamba jengo lisogezwe mbali na barabara. Kusogeza mstari kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache, lakini kusogeza zege haiwezekani. Subiri ramani irudi na mihuri ya idara zote: mipango, ujenzi, afya ya umma, na zimamoto inapohitajika.

Muda wenyewe umewekewa kikomo. Usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria huchukulia kwamba umekubaliwa, kwa masharti ya sheria hiyo. Lakini ili utetee siku hizo 60 lazima uwe na ushahidi wa tarehe uliyowasilisha ombi lililokamilika, na kwa usalama wako andika barua ya kuuliza kabla ya kuanza. Ukikataliwa, una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na kamati hiyo nayo imepewa siku 14 kuamua. Usiporidhika, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache, kwa hiyo usizimalize ukitafuta mtu wa kukusemea.

Baada ya kibali, sajili mradi kwa mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, NCA, na uite wakaguzi wa kaunti katika kila hatua: msingi kabla ya kumwaga zege, sakafu, nguzo, paa. Ukiwafunikia chuma kabla hawajakiona, wanaweza kukataa kukupa cheti cha jengo kukaliwa.

Basari

Fomu hutolewa afisi ya wadi. Huambatishwa barua ya shule au kadi ya matokeo, muundo wa karo, vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo kwa yatima. Huwa inataka pia sahihi ya chifu, kwa hiyo itafute mapema kuliko siku ya mwisho. Pesa huenda shuleni moja kwa moja, hivyo hakikisha jina la mtoto na nambari yake ya usajili vinafanana na vya shule. Cheki nyingi hurudi kwa kosa la herufi. Fahamu pia kwamba mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kulipa basari za sekondari na vyuo, maana elimu hiyo si kazi ya kaunti. Basari ya NG-CDF ni mfuko tofauti kabisa, na fomu yake iko afisi ya eneo bunge.

Kuomba barabara, daraja au zahanati

Hapa ndipo wananchi hukata tamaa bila sababu, kwa kuwa wengi huomba kwa wakati usiofaa. Bajeti ya kaunti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na mpango huo ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai mwaka unaofuata. Karatasi ya mikakati ya fedha hufuata kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya huanza Julai 1. Kwa hiyo anayesimama mkutanoni mwezi Mei kuomba karavati amechelewa, hata apigiwe makofi namna gani. Peleka ombi Juni, Julai au mapema Agosti.

Andika ukurasa mmoja. Taja barabara kwa jina, inaanza wapi na kuishia wapi, kilomita ngapi, kaya ngapi zinaitegemea, shule na zahanati zilizo kando yake, na miezi isiyopitika. Weka picha mbili: moja ya kiangazi, moja ya masika. Kwa zahanati au chekechea ongeza uthibitisho kwamba ardhi ni ya umma, kwani mradi kwenye shamba la mtu hukwama wakati wa kutangaza zabuni. Weka majina, nambari za vitambulisho na sahihi za wakazi.

Kisha fuatilia maandishi. Jina la mradi linapaswa kuonekana kwenye mpango wa mwaka, halafu kwenye makadirio ya Aprili likiwa na kiasi cha pesa mbele yake. Mradi usio na tarakimu kwenye makadirio haujatengewa kitu, yeyote atakayekuwa ameuahidi. Ukiona umeachwa, bado kuna vikao vya kushirikisha umma bungeni kabla ya bajeti kupitishwa. Nenda na mpango wa Septemba mkononi, uonyeshe ukurasa ulipokuwa.

Barua ya kuomba habari

Ukitaka kujua mradi ulipewa nani, kwa shilingi ngapi na ulipaswa kuisha lini, una haki hiyo chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Utalipia tu gharama za kutoa nakala. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, na hulazimiki kueleza sababu. Barua inatosha kuwa hivi:

> Kwa Afisa Mkuu, Idara ya Barabara.
> Nakala: Katibu wa Kaunti.
>
> MINT: OMBI LA HABARI CHINI YA SHERIA YA KUPATA HABARI, 2016
>
> Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu ukarabati wa barabara ya (taja jina), wadi ya (taja), mwaka wa fedha 2024/25: (1) mkataba na jina la mwanakandarasi, (2) orodha ya kazi na vipimo, (3) malipo yaliyofanywa na tarehe zake, (4) cheti cha kukamilika, kama kipo.
>
> Naomba jibu ndani ya siku 21 kama sheria inavyoagiza.
>
> Jina, anwani, simu, sahihi, tarehe.

Chapisha mara mbili. Karani wa masjala abaki na moja, na ya pili aipige muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele yako. Angalia tarehe hiyo kabla ya kuondoka, maana wakati mwingine muhuri haujageuzwa tangu jana au wino umekauka hausomeki. Hiyo nakala ndiyo silaha yako.

Afisi ina siku 21, na inaweza kujiongezea hadi 14 mara moja tu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Omba mambo mahususi. Ukiandika "hati zote za barabara zote," unawapa sababu ya kuongeza muda. Kimya baada ya muda kwisha kinahesabiwa kuwa umekataliwa, nawe una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ombudsman. Ambatisha nakala yenye muhuri.

Huduma ikikwama

Panda ngazi kwa mpangilio na kwa maandishi: msimamizi wa wadi, msimamizi wa kaunti ndogo, afisa mkuu, katibu wa kaunti. Kila barua itaje tarehe ya ile iliyotangulia. Ukinyimwa kitu, kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iombe hata kama umeshaambiwa kwa mdomo, maana sababu iliyosemwa kaunta hubadilika mtu akitakiwa kuiandika.

Kwa jambo linalogusa watu wengi, Sheria ya Serikali za Kaunti inaruhusu kupeleka ombi rasmi kwa serikali ya kaunti yenyewe, na kwa bunge la kaunti jambo likiwa chini ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga au kurekebisha sheria. Eleza tatizo, hatua mlizochukua na mnachotaka kitendwe, kwa lugha ya heshima, na muwe mmehakikisha kwamba haliko mahakamani. Ukidaiwa hongo, hilo ni la Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Andika siku, saa, afisi, jina lililo kwenye beji na kiasi ulichoitishwa, siku hiyohiyo kabla hujasahau.

Nyumbani tenga faili moja: risiti, ankara, vibali, nakala zenye mihuri, na ujumbe wa M-Pesa ulionakiliwa kwenye karatasi. Risiti za mashine hufifia, kwa hiyo zitoe nakala wiki hiyohiyo.